Taa za kurekodi michezo usiku: Rungwe ianze na uwanja mdogo

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 1986 Tukuyu Stars ilitwaa ubingwa wa soka Tanzania Bara na kulifanya jina la mji huo mdogo wa Wilaya ya Rungwe lijulikane nchi nzima. Wakati huo mchezaji alionekana kwa macho ya waliofika uwanjani na kwa sauti ya redio. Leo mambo yamebadilika, kwani asiyekuwa na picha za video ni vigumu kuonekana nje ya wilaya yake.

Thamani ya picha hizo haina ubishi. Mwaka 2021 Azam Media na Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) walitangaza mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Hata hivyo, fedha hizo ni za ligi kubwa. Timu za mitaani hubaki na kamera ndogo au simu, na giza ndilo adui yao wa kwanza.

Mwezi Juni jua huzama Tukuyu muda mfupi baada ya saa 12:30 jioni. Vijana wanaotoka kwenye mashamba ya chai na migomba, au kufunga biashara sokoni, wakianza mechi saa 11:00 jioni, kipindi cha pili huishia gizani.

Swali ni je, taa zipi zinamudika? Kiwango cha Ulaya cha EN 12193 kinataka luksi 75 kwa soka la ngazi ya chini, 200 kwa ngazi ya kati na 500 kwa mashindano makubwa. Luksi 75 zinatosha kucheza, lakini kamera ndogo itatoa picha zenye chengachenga. Luksi 200 ni mahali pazuri pa kuanzia.

Hapo ndipo hesabu inapoamua. Uwanja wa soka wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Ikikadiriwa kuwa nusu ya mwanga hupotea nje ya uwanja, na kila wati ya taa ya LED hutoa lumeni 120, zitahitajika kilowati 24, sawa na taa 120 za wati 200. Uwanja wa netiboli wenye mita za mraba 465 unahitaji kilowati moja na nusu tu, yaani taa nane. Taa za halojeni, ingawa bei yake dukani ni ndogo, zingekula zaidi ya kilowati tisa kwa uwanja huohuo wa netiboli. Nafuu ya dukani hugeuka mzigo wa umeme au wa mafuta ya jenereta.

Pamoja na hayo, LED si zote zinazofaa. Umeme wa gridi hufanya taa hafifu zipepese mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kamera huonyesha mistari myeusi. Mnunuzi anaweza kuipima taa dukani kwa kuirekodi kwa simu katika mwendo wa polepole, na mpiga picha akapunguza tatizo kwa kuweka shata kwenye 1/100.

Hali ya hewa nayo isisahaulike. Sehemu za Rungwe hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, hivyo taa iwe na alama ya IP65 au zaidi. Katika ukungu, taa iliyo karibu na kamera huirudishia mwanga na kufanya picha iwe nyeupe. Ni vyema taa zifungwe juu ya nguzo, pande zote mbili za uwanja, mbali na kamera.

Ni dhahiri kuwa kusubiri fedha za kuangaza uwanja mzima wa soka ni kuwaacha vijana gizani kwa miaka mingi. Taa nane kwenye uwanja mmoja wa netiboli, unaoweza pia kutumika kwa soka la wachezaji watano kila upande, zinaweza kuwaonyesha wengi kwa gharama ambayo kata inaweza kuichangia.