Dawa imetoka udongoni, tusiiharibu



Siku ya kazi ya mikono wengi kati yetu wananung'unika: udongo unachafua viatu, jembe linaumiza mikono. Sisi tunasema, udongo tuuheshimu, maana umeponya watu wengi kabisa.

Mvua ikianza kunyesha juu ya shamba kavu, tunasikia harufu nzuri. Inatoka hasa kwa vijidudu vya udongoni vinavyoitwa Streptomyces. Vijidudu hivi vinatengeneza vitu vinavyoweza kuua vijidudu vingine. Mwaka 1943, huko Marekani, Albert Schatz, mwanafunzi wa Profesa Selman Waksman, alipata ndani yake streptomisini, antibiotiki ya kwanza kuponya kifua kikuu. Alikuwa mwanafunzi tu! Mwaka 1957 udongo wa Ufaransa ulichunguzwa Italia, na humo ikapatikana asili ya dawa ya rifampisini. Kiisha, katika miaka ya 1970, majaribio kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda na Tanzania yalionyesha kwamba dawa hizi, zikichanganywa na nyingine, zinaweza kuponya kifua kikuu kwa miezi 6. Mbele ya hapo ilikuwa mwaka mmoja na nusu, au zaidi.

Na sisi tunafanya nini? Mafua kidogo, mbio sokoni kununua vidonge 2 vya tetrasiklini, na mafua haisikii dawa hiyo hata kidogo. Mgonjwa wa kifua akisikia nafuu mwezi wa pili, anaacha. Vijidudu vyenye nguvu ndivyo vinabaki, vinazaana. Kesho vinamwingia mama ao mdogo wetu, na dawa ile ile haifanyi tena kitu. Aliyeacha hakujiumiza peke yake.

Wengine watajibu: franga hakuna. Lakini dawa za kifua kikuu zinatolewa bure. Mara nyingi kinachomshinda mgonjwa ni njaa, safari ndefu, na haya mbele ya wenzake. Hapo ndipo kazi yetu.

Basi tunaomba mambo mawili. Antibiotiki tuikamate kwa munganga, si kwa mchuuzi, na tuimalize. Na mwenzetu akiwa kwenye matibabu, tusimcheke. Tumsindikize, tumpe fungu la maharagwe ya shamba letu mpaka miezi 6 itimie. Udongo uliompa dawa, umpe na chakula.

Mungu ameweka zawadi hii chini ya miguu yetu. Tusiikanyage.