Mashimo Yanaonekana Tu

Wanachuo wenzangu, naomba nianze na mimi mwenyewe, asije mtu akasema nawasema wengine. Muhula uliopita nilikuwa katibu wa kwaya. Sikukosa mazoezi, sikukosa misa, na daftari langu la michango ya sare lilikuwa safi kuliko madaftari yangu yote ya darasani. Vyumba viwili kutoka changu kulikuwa na mwenzetu ambaye bumu lake halikuingia. Alikuwa anapiga pasi ndefu. Nilijua. Nikamwambia nitamwombea, nikawahi mazoezi. Alipobeba begi kurudi kwao kabla ya mitihani, mimi bado nilikuwa nafukuzana na watu elfu tano tano za vitambaa.

Likizo nikaenda Mbinga kwa bibi, nikamkuta anaandaa ngoro. Kwa ambao hamjaziona: Wamatengo wanalima milimani, kwenye miteremko mikali. Majani yanafyekwa na kupangwa kwa mistari inayokatana, kama karatasi ya hesabu. Kisha udongo wa katikati ya kila mraba unachimbwa na kufukia yale majani. Hapo unabaki na shimo katikati na matuta pande zote. Maharage yanapandwa juu ya matuta, mahindi yanafuata, na maji ya mvua yanatulia shimoni badala ya kuondoka na shamba. Mzunguko ukiisha, kazi inaanza upya.

Nikamuuliza kwa nini asitumie mashimo ya zamani, mbona bado yapo. Akajibu bila kuinua kichwa, "Yanaonekana tu, mjukuu wangu. Mvua ikija hayashiki kitu."

Basi, imani ya wengi wetu chuoni naiona hapo. Ubatizo tulipata, Komunio ya Kwanza tulipata, Kipaimara tukapigiwa na picha. Sekondari tukawa viongozi wa TYCS. Tukaja chuo na mashimo ya zamani.

Najua utetezi wetu: ratiba imebana, kuna testi, kuna UE, ukizembea unadisko. Ni kweli, nami nimekesha sana. Lakini teremka kutoka Mbinga hadi ziwani, ufike Liuli. Pale amezikwa William Percival Johnson, mmisionari wa Kianglikana aliyefariki mwaka 1928. (Mimi ni Mkatoliki, ila hapa Waanglikana wametuzidi.) Alifanya kazi kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa karibu miaka 50. Macho yalimharibikia mapema, jicho moja likapofuka na la pili likabaki na uoni hafifu. Bado akaendelea kuzunguka vijijini, na akatafsiri Biblia kwa Kinyanja. Mtu wa namna hiyo angeweza kusema nimeshatoa vya kutosha, na nani angemlaumu? Sisemi wote tuwe Johnson. Mimi mwenyewe sidhani kama ningemaliza naye wiki moja kwenye mtumbwi.

Ninachoomba kwa vikundi vyetu vya dini ni kidogo: kabla ya ajenda ya sare, tuulizane nani hajala.

Yule mwenzetu nilimpigia nikiwa kwa bibi. Hakupokea. Nikatuma ujumbe wa kumwomba radhi, na safari hii sikuandika kwamba namwombea. Siku ya tatu akajibu. Alitaka notsi.