Mashine isimfukuze mtu kazi

Mzigo umepotea stoo. Kamera ilikuwa mbovu, vitabu havilingani, na kila aliyeshika ufunguo anakana. Mwajiri anamwita mtu mwenye mashine ya kupima uongo, wafanyakazi wanaingizwa chumbani mmoja mmoja, na aliyetoka na majibu mabaya anakabidhiwa barua. Sisi tunasema sheria iufunge mlango huu kabla mtindo haujazoeleka. Na msomaji ana haki ya kujua kinachotendeka ndani ya chumba hicho.

Mpimwa huketishwa kwenye kiti. Mipira miwili huzungushwa kifuani na tumboni kufuata anavyopumua. Mkanda wa presha, kama ule wa zahanati, hufungwa mkononi na kuachwa umejaa hewa. Vidoleni hubandikwa vipande vya kupima jasho. Nyaya zote huishia kwenye kompyuta, na mistari hupanda na kushuka kwenye skrini. Hakuna hata waya mmoja hapo unaopima uongo. Zinapimwa pumzi, presha na jasho, na hizo hubadilika kwa mwongo, kwa mwenye hofu, kwa mwenye hasira, na kwa mama aliyeacha mtoto ana homa nyumbani.

Kazi kubwa hufanywa na mdomo wa mpimaji. Kabla ya kuwasha chochote huzungumza na mpimwa kwa muda mrefu, akimhakikishia kuwa mashine haidanganyiki. Mara nyingi humfanyia onyesho: chagua namba moja, kisha kila namba nitakayotaja jibu hapana. Halafu humwonyesha kwenye skrini pale alipodanganya. Shabaha ni mpimwa aamini.

Maswali yenyewe husomwa mapema. Yapo ya jambo linalochunguzwa: wewe ndiye uliyechukua ule mzigo? Yapo ya kulinganishia: umewahi kumdanganya mtu aliyekuamini? Hoja ya wapimaji ni kwamba asiye na kosa atahangaishwa zaidi na hili la pili, maana nani hajawahi, na mwizi atahangaishwa zaidi na lile la kwanza. Maswali hurudiwa mara tatu au zaidi, mpimaji akajumlisha alama. Sasa mfikirie mtunza stoo ambaye hakuchukua kitu, lakini anajua kwamba swali la mzigo ndilo litakaloamua kama mwezi ujao atalipa kodi ya nyumba. Moyo wake utakwenda mbio kwenye swali lipi?

Halafu inakuja sehemu ambayo matangazo ya biashara hii hayaitaji. Mpimaji huvuta kiti karibu na kusema mashine inaonyesha kuna jambo hujanieleza. Wengi hukiri hapo. Ungamo hilo ndilo mavuno, na limetoka kwenye imani ya mtu aliyeogopeshwa. Pwani yetu wazee walikuwa na kiapo cha mkate: mshukiwa wa wizi alilishwa mkate uliosomewa, na ukimkwama kooni ndiye mwizi. Hofu hukausha mate, basi wapo waliopatikana kweli, na wapo waliokwamwa bila kosa. Mashine hii ni kiapo kile kile kilichotiwa umeme.

Wamarekani walioizaa wanalijua hilo. Mwaka 1921 huko Berkeley, California, polisi John Larson alitengeneza kifaa chake chini ya mkuu wake August Vollmer, na baadaye Leonarde Keeler akakiboresha na kukitangaza. Mwaka 1923 tu, mahakama ya rufaa mjini Washington ilikataa ushahidi wa kipimo cha uongo cha presha katika kesi ya Frye, kwa kuwa wanasayansi hawakuwa wamekikubali. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliiacha sheria ya kijeshi inayozuia majibu ya mashine hii mahakamani isimame.

Gary Ridgway, aliyeua wanawake kwa makumi karibu na Seattle, alipimwa mwaka 1984 akaonekana msema kweli. Alikamatwa mwaka 2001. Aldrich Ames wa CIA, akiwa tayari anauza siri kwa Moscow, alipimwa mwaka 1986 na tena 1991, akapita mara zote mbili.

Mwaka 2003 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa hesabu ambayo kila mwajiri angepaswa kuisoma. Chukua wafanyakazi 10,000, kati yao majasusi 10. Mashine ikikazwa ili iwanase 8 kati ya hao 10, itawaangusha pamoja nao watu wapatao 1,600 wasio na kosa lolote. Ikilegezwa ili isiwaonee watu, majasusi wengi watapita. Na hesabu hiyo imeikadiria mashine kuwa bora kuliko baraza lenyewe lilivyoamini.

Kuna njia yenye haki zaidi. Wapimaji wa polisi nchini Japani, ambao hutoka maabara na si miongoni mwa wapelelezi wa kesi, hutafuta kama mtu anayajua mambo ambayo mhalifu pekee angeyajua: fedha zilifichwa ndani ya bahasha, mkoba au sanduku? Lakini njia hiyo inataka siri za tukio zitunzwe, na kwenye kampuni kufikia saa nne asubuhi kila mtu ameshajua kilichoibwa na kilikuwa rafu gani.

Hapa kwetu sheria zina msingi mzuri. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri amsikilize mfanyakazi kabla ya kumwachisha kazi kwa utovu wa nidhamu, na athibitishe sababu. Tanzania, sheria ya ajira na mahusiano kazini ya 2004 inadai sababu ya haki na utaratibu wa haki. Mstari wa jasho kwenye skrini hauthibitishi wizi. Lakini mtunza stoo asiye na wakili atalijuaje hilo, akiwekewa mbele fomu ya kukubali kupimwa na kuambiwa kwamba kukataa ni dalili ya hatia?

Ndiyo maana tunataka liandikwe waziwazi. Marekani iliandika mwaka 1988: waajiri wengi binafsi wamekatazwa kuwapima wafanyakazi, na pale panaporuhusiwa, kwa mfano baada ya hasara, mfanyakazi anayeshukiwa hupewa sababu kwa maandishi, anaweza kusimamisha kipimo wakati wowote, na hafukuzwi kwa majibu ya mashine peke yake. Sheria hiyo iliiacha serikali nje, na huo ni upungufu; yetu iwaguse waajiri wote. Vyama vya wafanyakazi vilipeleke jambo hili mezani kwenye mikataba ya hali bora mwaka huu, bila kungoja Bunge: kukataa kupimwa kusiwe kosa, na majibu ya mashine yasiingie kwenye faili la mtu.