Tathmini Isiyotazama Mbele Ni Nusu Tathmini

Desemba 2011 Mto Msimbazi ulifurika. Watu takriban 40 walikufa jijini Dar es Salaam kwa mafuriko yale, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mwaka uliofuata ujenzi wa awamu ya kwanza ya mabasi ya mwendokasi ulianza, na karakana ya mabasi hayo ikawekwa Jangwani, katika bonde la mto uleule. Mei 2016 mabasi yakaanza kubeba abiria kati ya Kimara na Kivukoni. Jiji likasifiwa duniani, likatunukiwa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018. Aprili ya mwaka huohuo masika yakaijaza karakana maji, mabasi yakaharibika, huduma ikasimamishwa, na abiria wakarudi kugombania daladala.

Sifa zile hazikuwa za uongo. Mwendokasi uliwapunguzia watu saa nyingi za foleni, na ndiyo maana kisa hiki kinanichoma kuliko miradi iliyokufa mchana kweupe. Kumbe mradi unaweza kufaulu kila kipimo tulichozoea huku umekaa juu ya hatari inayofahamika kwa kila mkazi wa Kigogo na Mchikichini, na vipimo vyetu visiseme neno. Mmejenga kilomita ngapi? Mmebeba abiria wangapi? Fedha zimetumika kama ilivyopangwa? Maswali yote hayo ni ya jana.

Nasema bila kumung'unya maneno: tathmini ya mradi inayokomea kwenye yaliyopita ni nusu tathmini, na nusu hiyo tunauziwa kwa bei ya nzima.

Fungua hadidu za rejea za tathmini ya mradi wowote wa wafadhili, utakuta vigezo vilevile. Kamati ya Misaada ya Maendeleo ya OECD iliviweka vitano mwaka 1991, na mwaka 2019 ikaongeza cha sita. Kimojawapo ni uendelevu, na kwa ufafanuzi wake wenyewe kinamtaka mtathmini aseme kama manufaa ya mradi yanaendelea au yanaelekea kuendelea. Hilo ni swali la kesho. Sasa tazama linavyojibiwa. Mshauri elekezi anafika kijijini na dodoso lake, anakuta kamati ya maji ina mwenyekiti, mhazini na akaunti benki, anaandika kwamba uendelevu upo. Hakuuliza kisima kitakuwaje mvua zikikosekana miaka miwili mfululizo. Hakuuliza nani atanunua dizeli bei ikipanda maradufu, wala kamati itabaki na nani vijana wakihamia mjini. Amejibu swali la kesho kwa ushahidi wa jana, na kila mtu mezani amepiga muhuri.

Halafu ikaja Januari 20, 2025. Rais wa Marekani alisaini amri ya kusitisha misaada ya nje, na kufikia Julai mosi mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limeacha kuendesha miradi. Katika nchi zetu kliniki zilipoteza wahudumu, na watu wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi walikaa na hofu wasijue mwezi ujao watazipata wapi. Miradi ile ilikuwa imefanyiwa tathmini miaka nenda miaka rudi. Ni ripoti ngapi ziliwahi kukaa na swali moja tu: mfadhili huyu akiondoka ghafla, nani ataendelea kuishi na nani atakufa? Anayesimamia miradi ya afya na alipe jibu, kwa sababu swali hilo halikuhitaji nabii. Lilihitaji mtu aliyeruhusiwa kuliuliza.

Wapo watakaonipinga kwamba mtathmini ni mtu wa ushahidi, si mpiga ramli. Hoja hiyo nimeichoka. Mbinu za kuitafakari kesho kimkakati hazitabiri siku wala saa. Mapema miaka ya 1970, Pierre Wack na wenzake katika kampuni ya mafuta ya Shell waliwachorea viongozi wao picha kadhaa za kesho, mojawapo ikiwa ya bei ya mafuta inayopaa ghafla. Mwaka 1973 ikapaa. Hawakuwa wameitaja tarehe. Walikuwa wameizoeza akili ya kampuni kukubali kwamba jambo hilo linawezekana.

Kazi yenyewe ni ya jasho, na ina utaratibu wake. Unakusanya dalili zikiwa bado changa. Unachagua mambo mawili yenye uzito mkubwa kuliko mengine na yasiyojulikana yataelekea wapi, unayakutanisha, unapata picha nne za kesho. Kisha unachukua nadharia ya mabadiliko ya mradi, yaani ule mnyororo wa tukifanya hiki kitatokea kile, unaupitisha katika kila picha na kuangalia unakatikia wapi. Ifanye kazi hiyo Jangwani. Weka mvua upande mmoja: zitazidi au zitabaki zilivyo. Weka ukuaji wa jiji upande mwingine: utadhibitiwa au utaachwa holela. Mchanga unaoshuka kutoka vilima vya Pugu unaendelea kujaza mto, na taka zinaendelea kuziba njia ya maji. Katika picha tatu kati ya nne karakana inazama haraka. Katika ya nne inazama polepole. Hapo huna tena hatari ya kuandika kwenye jedwali na kuipa alama ya wastani. Una jambo la hakika ambalo tarehe yake tu ndiyo haijulikani, na mtathmini aliyeliona hilo ana wajibu wa kusema: hamisheni karakana sasa.

Tulisubiri maji yaseme. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, na kuihamisha karakana ni sehemu ya mpango huo. Mkopo huo utalipwa na Watanzania, wakiwemo abiria waliokwama Kimara mabasi yaliposimama.

Wala ujuzi huu si mgeni kwetu. Kati ya 1998 na 2000 Wakenya walikaa pamoja wakaandika hadithi nne za kesho ya nchi yao. Ile waliyoiita El Niño ilionya kwamba nchi ikikataa mageuzi ya siasa na uchumi itasambaratika. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ghasia zilizuka na, kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyozichunguza, watu 1,133 waliuawa. Onyo lilikuwepo, limechapishwa, lina jina. Lilichokosa ni meno: picha za kesho zilikuwa kitabu, na tathmini za programu za serikali zikaenda njia yake. Ndiyo maana sitaki kuona mbinu hizi zikigeuzwa warsha ya siku mbili hotelini, karatasi za rangi ukutani, posho, picha ya pamoja, kwaheri. Ziingie ndani ya tathmini yenyewe, na mkazi wa bondeni aketi mezani kama mjuzi wa mto wake.

Kizuizi kikubwa si ujuzi, ni woga. Mtathmini hulipwa na mwenye mradi, na mwenye mradi anatafuta awamu ya pili. Ripoti inayosema mmefanya vizuri humpatia mshauri kazi nyingine. Ripoti inayosema mlichojenga hakitavuka masika makubwa humfungia mlango. Kwa hiyo dawa lazima iwe ya mkataba, si ya hisani.

Dira ya Maendeleo 2050 ya Tanzania ilizinduliwa Julai 2025. Miradi itakayobebwa na jina lake itadumu kuliko mawaziri watakaoizindua. Basi wewe unayeandika hadidu za rejea, wizarani, halmashauri au kwenye shirika, ongeza kifungu kimoja: mtathmini aupime mradi katika hali zisizopungua tatu za kesho, aseme katika ipi unavunjika, na aseme nani ataumia. Ripoti isiyo na majibu hayo irudishwe, na malipo ya mwisho yazuiwe mpaka yapatikane.