Nixon alikuwa na rekodi, Kennedy alikuwa na hesabu

Mwafrika ambaye mwanzoni mwa 1960 angewekewa mezani majina mawili, Richard Nixon na John F. Kennedy, akaambiwa achague kwa kutazama matendo yao tu, angemchagua Nixon. Jambo hilo husahaulika kwa sababu hadithi iliyobaki Afrika Mashariki ni ya Kennedy: kijana mtanashati, rafiki wa mwanasiasa Mkenya Tom Mboya, aliyelipia ndege za wanafunzi. Hadithi hiyo ni ya kweli kwa sehemu kubwa. Ila haisemi kwa nini alifanya hivyo, na swali hilo ndilo linalomfaa yeyote anayewapima wagombea wa urais wa Marekani akiwa mbali na masanduku yao ya kura.

Nixon alikuwa Makamu wa Rais chini ya Dwight Eisenhower. Machi 1957 alikuwapo Accra Ghana ilipopata uhuru, kisha akazunguka nchi nyingine kadhaa za bara hili, Uganda na Ethiopia zikiwamo. Aliporudi Washington alishauri Afrika ipewe uzito, na mwaka uliofuata Wizara ya Mambo ya Nje ikaanzisha idara maalumu ya Afrika. Huko huko Accra alikutana na mchungaji kijana aitwaye Martin Luther King. Nyumbani aliisukuma sheria ya haki za raia ya 1957, hata King akamwandikia barua ya kumshukuru.

Kennedy je? Sheria hiyo ilipofika Seneti, alikuwa miongoni mwa waliotaka ipelekwe kwanza kwenye kamati ya James Eastland wa Mississippi, adui mkubwa wa haki za weusi, ambako ingezikwa. Ni kweli kwamba Julai 1957 alitoa hotuba ya kuunga mkono uhuru wa Algeria iliyowakasirisha Wafaransa na hata baadhi ya wakubwa wa chama chake. Lakini alipokabidhiwa uenyekiti wa kamati ndogo ya Seneti inayoshughulikia Afrika, aliiitisha kwa nadra mno.

Kilichogeuza mambo ni ramani ya kura. Chama cha Democratic kiliishi kwa miguu miwili isiyopatana. Kusini kilitegemea wazungu waliotaka ubaguzi uendelee, na ndiyo sababu mojawapo Kennedy alimchukua Lyndon Johnson wa Texas kuwa mgombea mwenza. Kaskazini, katika miji kama Chicago, Detroit na Philadelphia, kilihitaji kura za Wamarekani weusi, na kura hizo zilikuwa zikivuja: mwaka 1956 karibu wawili kati ya kila weusi watano walimpigia Eisenhower. Kennedy alihitaji namna ya kuwagusa weusi wa kaskazini bila kuwachokoza wazungu wa kusini.

Afrika ikamfaa. Mtu angeweza kuisifia Nairobi jukwaani bila Alabama kuona kuwa imetajwa. Katika kampeni ile Kennedy aliitaja Afrika mara nyingi kupita mgombea yeyote kabla yake.

Mboya alielewa mchezo huo. Julai 26, 1960, alimfuata Kennedy nyumbani kwao Hyannis Port, Massachusetts. Vyuo vya Marekani vilikuwa vimekubali kuwafadhili vijana zaidi ya 200 kutoka Kenya na nchi jirani. Kilichokosekana ni nauli, na serikali ya Eisenhower ilikuwa imekataa kuitoa. Mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Upande wa pili, Jackie Robinson, nyota wa besiboli aliyekuwa akimpigia debe Nixon na ambaye mwaka uliotangulia alisaidia kuchangisha fedha za safari hizo, alimwomba Nixon aisukume serikali. Wizara ya Mambo ya Nje ikabadili kauli na kuahidi dola 100,000 zake. Ilikuwa imechelewa. Seneta Hugh Scott wa Pennsylvania, Mrepublican, akasimama Seneti kulalamika kwamba familia tajiri imeipiku serikali kwa ajili ya siasa. Kennedy akajibu kuwa mfuko haukutafuta kutangazwa.

Waswahili husema kutoa ni moyo. Dola hizi zilitoka moyoni na kwenye daftari la kampeni kwa pamoja, na wanafunzi walioruka Septemba ile hawakupungukiwa kitu kwa sababu hiyo. Mmoja wao alikuwa Wangari Maathai, aliyekwenda kusoma Kansas na mwaka 2004 akapata Tuzo ya Amani ya Nobel.

Kisha ukaja mtihani uliokuwa na gharama. Oktoba 19, King alikamatwa Atlanta akiwa na wanafunzi waliokataa kutoka kwenye mgahawa wa duka lililowabagua weusi. Wenzake wakaachiwa. Yeye, kwa kisingizio cha kosa la zamani la leseni ya gari, akahukumiwa miezi minne ya kazi ngumu na kupelekwa usiku gereza la Reidsville. Mkewe Coretta, aliyekuwa mjamzito, aliamini atauawa huko. Sargent Shriver, shemeji yake Kennedy, alisubiri washauri wengine watoke chumbani, ndipo akamshawishi mgombea ampigie mama huyo simu. Kennedy alipiga, maneno machache tu ya kumpa pole. Mdogo wake Robert aliposikia aliwaka kwa hasira, akihofia majimbo ya kusini, kisha akageuka na kumpigia jaji simu yeye mwenyewe. Oktoba 27 King alikuwa nje kwa dhamana.

Nixon, aliyemjua King miaka mitatu kabla, hakusema neno. Robinson alimwendea kumsihi. Wizara ya Sheria ilikwisha kuandaa rasimu ya tamko, ikabaki kwenye makabrasha. Sababu haikuwa chuki kwa King. Nixon alikuwa akiwahesabu wazungu wa kusini walioanza kukihama chama cha Democratic, na hakutaka kuwatisha.

Baba yake King, mchungaji aliyekuwa ametangaza kumpinga Kennedy kwa kuwa ni Mkatoliki, akageuza kura hadharani. Kampeni ya Kennedy ikachapa kijitabu cha karatasi za buluu kikieleza nani alipiga simu na nani alinyamaza. Nakala karibu milioni mbili zilisambazwa, nyingi milangoni mwa makanisa ya weusi Jumapili ya mwisho kabla ya uchaguzi. Magazeti makubwa ya wazungu hayakukishughulikia sana, na hivyo ndivyo kampeni ilivyotaka.

Vitabu vingi hueleza ushindi wa Kennedy kwa mdahalo wa kwanza wa televisheni, ule wa Septemba 26 mjini Chicago, Nixon akiwa ametoka hospitali na jasho likimtiririka kidevuni. Simulizi kwamba waliousikiliza redioni walimpa Nixon ushindi inasimama juu ya utafiti mmoja mdogo, na ingefaa irudiwe kwa uangalifu zaidi. Hesabu ya kura inasema jambo lililo wazi zaidi. Kati ya kura milioni 68 na zaidi, tofauti nchi nzima haikufika 120,000. Illinois, jimbo la Chicago, liliamuliwa kwa kura zisizofika 9,000. Kwa weusi, Kennedy alipata takriban saba katika kila kumi.

Je, aliwalipa? Polepole. Aliahidi kuufuta ubaguzi katika nyumba zinazosaidiwa na serikali kwa mchoro mmoja wa kalamu, lakini ilimchukua hadi Novemba 1962, na wanaharakati waliochoka kusubiri walikuwa wakimtumia kalamu na wino kwa posta. Muswada wake wa haki za raia ulipelekwa bungeni Juni 1963 baada ya mbwa wa polisi wa Birmingham, Alabama, kuonekana kwenye televisheni wakiwashambulia waandamanaji weusi, na ukawa sheria 1964, yeye akiwa kaburini. Kwa Afrika alifanya vizuri zaidi: Julius Nyerere alipokewa Ikulu ya Washington Julai 1961, miezi kadhaa kabla ya uhuru wa Tanganyika, na baadaye mwaka huo huo Tanganyika ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea vijana wa kujitolea wa Kimarekani wa Peace Corps.

Kwa hiyo Kennedy alistahili kuchaguliwa, ingawa rekodi ilikuwa ya mwenzake. Mgombea mwenye historia nzuri lakini asiyehitaji kura za watu fulani atawanyamazia siku watakapomhitaji. Anayezihitaji, hata awe amewachelewesha hapo nyuma, atapiga simu.

Afrika Mashariki bado hupenda kupima kwa damu. Mwaka 2007 Barack Obama, akiwa kwenye kampeni yake, alisema mjini Selma kwamba akina Kennedy ndio waliomwezesha baba yake kufika Marekani. Mzee huyo alifika Hawaii 1959, mwaka mmoja kabla ya fedha za Kennedy, na kampeni ikabidi isahihishe. Obama mwenyewe alifika Kenya kama rais mwaka 2015, katika muhula wake wa pili. Rais aliyeanzisha PEPFAR, mpango uliowaletea mamilioni ya Waafrika dawa za kufubaza VVU, ni George W. Bush wa Texas, mwaka 2003. Hana shangazi Siaya, kwao baba yake Obama. Alikuwa na makanisa ya kiinjili yaliyoutaka mpango huo, na kura za waumini wa makanisa hayo zilikuwa uti wa mgongo wa chama chake.

Uchaguzi ujao wa rais wa Marekani ni Novemba 2028. Wagombea watakapojitokeza, msomaji aache kwanza asili ya babu zao na atazame ni majimbo gani wasiyoweza kuyakosa, na nani anaishi humo. Wapo Wakenya, Wakongo, Wasomali na Watanzania waliokwisha kupata uraia katika Minnesota, Ohio na Texas. Mwenye ndugu huko amuulize kama amejiandikisha kupiga kura.