Jirani wa Kupigwa ni Sisi

Tangu Septemba 2025, Marekani ilipoanza kulipua boti katika Bahari ya Karibi kwa madai kwamba zimebeba dawa za kulevya, vijiwe vya Dar es Salaam vimepata mwalimu mpya. Kuanzia Mwananyamala mpaka Mbagala Rangi Tatu hoja ni ileile: heroini hailimwi Tanzania, inaletwa, anayeileta yuko ng'ambo na anapitishia kwa jirani, basi afuatwe huko huko. Wapo wanaoongeza kwamba jeshi letu limeshaijua Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kwa hiyo likamilishe kazi. Ukisita kidogo, unakumbushwa Kagera.

Wanaosema hivi si wajinga. Wengi ni wazazi ambao mtoto wao ameuza televisheni, kisha mtungi wa gesi, kisha mabati ya choo. Hasira yao ina haki yote. Anwani waliyoiandika juu ya hasira hiyo ndiyo yenye makosa.

Tuanze na Kagera, maana ndiyo inayotuponza. Idi Amin wa Uganda alikuwa na ikulu, jeshi na redio. Aliivamia nchi yetu Oktoba 1978, na wanajeshi wetu walipovuka mpaka mwanzoni mwa 1979 walijua wanakwenda kwa nani. Kampala ilipoanguka Aprili 11, utawala wake ulikwisha. Anjouan, kisiwa cha Komoro, Machi 2008, ilikuwa hivyo hivyo kwa kipimo kidogo: Kanali Mohamed Bacar alikuwa amekishika kisiwa, askari wa Umoja wa Afrika wakiwemo wetu wakateremka, naye akakimbia. Mfanyabiashara wa unga hana kisiwa. Ana duka la vifaa vya ujenzi, ana malori mawili matatu, ana namba ya mlipakodi na anachangia harusi za wakubwa. Akikamatwa asubuhi, anayemuuzia Karachi na anayenunua kwake Johannesburg wanatafuta mtu mwingine kabla ya magharibi.

Na Cabo Delgado isichanganywe na mambo yasiyoihusu. Kikosi cha SADC kilikwenda huko Julai 2021 kwa sababu ya waasi walioanza kushambulia Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na ambao miaka mitatu baadaye walivuka Mto Ruvuma wakaua watu katika kijiji cha Kitaya, Mtwara. Hapo palikuwa na damu ya Watanzania na sababu ya kueleweka. Heroini ilikuwa imeshapita pwani ile kwa miaka mingi kabla ya risasi ya kwanza ya waasi hao, ikisimamiwa na matajiri wa mijini wenye magodauni na marafiki serikalini. Mwaka 2010 Marekani ilimtaja mfanyabiashara mmoja mkubwa wa Maputo kuwa kinara wa dawa za kulevya. Mtu wa namna hiyo utamtuma komandoo wa kutoka Nangade, huko Cabo Delgado, akamtafute wapi? Kwenye maduka yake ya katikati ya mji?

Lakini hilo bado ni suala la mbinu. Kasoro kubwa ni kwamba tunapoichora ramani hii, sisi wenyewe tunajiweka mwisho wa mstari, kama mto ulioishia baharini. Majahazi hutoka pwani ya Makran, kule Iran na Pakistan, yakashuka na Bahari ya Hindi, yakasimama mbali na pwani yetu, na boti ndogo zikaenda kupokea. Kisha sehemu kubwa ya mzigo haikai hapa. Inaendelea kusini, na nyingine inakwenda Ulaya.

Julai 2013, wanawake wawili Watanzania walikamatwa katika Uwanja wa O.R. Tambo, Johannesburg, wakiwa na mzigo wa kilo 150 au zaidi. Walikuwa wamepandia ndege hapa, Uwanja wa Julius Nyerere, ambako kuna mashine za ukaguzi, mbwa, polisi na maofisa wenye vitambulisho shingoni. Kilo mia na hamsini si kitu cha kuficha kwenye soksi. Mwaka huohuo barua za Watanzania waliofungwa Hong Kong kwa kosa la kubeba unga zilisambazwa na padri aliyekuwa akiwatembelea gerezani, zikiwasihi vijana wa nyumbani wasikubali kuwa punda. Barua zile hazikuandikiwa Colombia. Ziliandikiwa Kinondoni.

Sasa mpe mzazi wa Soweto hoja yetu neno kwa neno. Mzigo haukutengenezwa Afrika Kusini, umeletwa, umepitia kwa nchi ya kaskazini ambayo maofisa wake wamelala au wamelipwa, basi hao wafuatwe huko huko. Je, tungefurahi manowari ya Afrika Kusini ikipiga boti nje ya Kunduchi? Nani angekuwa ndani ya boti hiyo? Familia kadhaa za Trinidad na Colombia zimekwisha kusema kwamba ndugu zao waliouawa katika boti za Karibi walikuwa wavuvi. Mvuvi wa Mafia au Kilwa anayevua usiku kwa taa ya karabai, ukimtazama kwa droni, hana tofauti na mpokeaji wa mzigo.

Atakuja mtu aseme: sawa, tuache majirani, shida ikatwe kwenye shina. Shina limeshakatwa mara moja, na tuliona. Aprili 2022 Taliban walipiga marufuku kilimo cha afyuni Afghanistan. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, mwaka uliofuata eneo la kilimo lilishuka kwa asilimia 95. Hakuna jeshi la kigeni lililowahi kufikia hapo, hata Marekani katika miaka 20 ya kukaa kwake kule. Halafu Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, DCEA, ikatangaza kukamata kilo 3,182 Dar es Salaam na Iringa, shehena iliyoelezwa wakati huo kuwa kubwa kuliko zote katika historia ya nchi. Takriban theluthi mbili yake haikuwa heroini. Ilikuwa methamphetamine, ambayo haihitaji shamba la afyuni, na ilikuwa imefungwa kwenye pakiti za kahawa na majani ya chai. Shamba moja lilifungwa, bidhaa nyingine ikachukua nafasi kwenye jahazi. Anayetaka kupiga chanzo cha hiyo atalazimika kwanza kutueleza kiko wapi.

Colombia ndiyo darasa la zamani zaidi. Pablo Escobar aliuawa Desemba 1993. Mwaka 2000 Marekani ilianza kumimina mabilioni ya dola, helikopta na dawa ya kunyunyizia mashamba ya koka. Mwaka huo Umoja wa Mataifa ulihesabu hekta 163,000. Mwaka 2023 zilikuwa 253,000. Ningependa mpenzi wa mabomu anieleze hesabu hiyo taratibu.

Nisieleweke kwamba jirani hana umuhimu. Ana umuhimu mkubwa, ila ule wa ushirikiano wa polisi na mahakama, usio na picha nzuri za televisheni. Ali Khatib Haji Hassan, maarufu kama Shkuba, alikamatwa mwaka 2014 baada ya kilo 210 za heroini kunaswa Lindi Januari 2012, na Mei 2017 akapelekwa Marekani kushtakiwa. Ndugu Baktash na Ibrahim Akasha wa Mombasa, waliorithi jina la baba aliyepigwa risasi Amsterdam mwaka 2000, walichukuliwa Kenya Januari 2017, wakakiri makosa, na Baktash akahukumiwa miaka 25. Namna walivyoondolewa huku kesi yao ikiwa bado mahakamani Kenya haikunipendeza. Hata hivyo hakuna kifaru kilichovuka mpaka wa mtu. Kulikuwa na simu zilizorekodiwa, watoa habari waliolindwa, na waendesha mashtaka wasiopokea simu kutoka juu. Hicho kitu cha mwisho ndicho adimu kwetu, na hakinunuliwi kwa bajeti ya ulinzi.

Linganisha na maigizo. Agosti 2014 Kenya ililipua meli iliyokutwa na heroini, Rais Uhuru Kenyatta akitazama. Ulikuwa moshi mzuri. Februari 2017 nasi tukaigiza kwa namna yetu: mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam akasoma majina mbele ya kamera, wasanii kwanza, kisha wanasiasa na wafanyabiashara. Mji ukachangamka. Kwenye maskani, aliyepotea kwa wiki kadhaa alikuwa teja, maana ndiye anayeweza kubebwa kwenye karandinga bila wakili.

Na huyo teja ndiye asiyetajwa kabisa katika mjadala wa kuvamia majirani. Yupo stendi anapiga debe, anaokota vyuma chakavu Tandika, anaosha magari Kigogo, na asubuhi arosto ikimshika hana habari kama kete imepitia Pemba ya Msumbiji au Pemba yetu. Mwaka 2011 Muhimbili ilifungua kliniki ya methadone, ya kwanza ya aina yake Tanzania Bara. Mwananyamala ikafuata mwaka 2012, kisha Temeke. Mtu anakunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu, arosto inatulia, anaacha sindano, anarudi kwa mke au kwa mama, wengine wanarudi kazini. Kila anayefika dirishani pale ni mteja aliyepungua kwa muuza unga, na hakuna jeshi linaloweza kumpunguzia muuza unga mteja.

Lakini anayekaa mbali lazima alipe nauli kufika kliniki, Jumapili na Idi zikiwemo, na nauli ni mojawapo ya sababu kubwa zinazowafanya watu waache dozi. Programu hiyo iliinuliwa kwa fedha za PEPFAR, yaani Marekani hiyohiyo ambayo Januari 2025 ilisimamisha misaada yake ya nje, na miezi minane baadaye ikaona ina fedha za kulipua boti. Huyo ndiye tunayeambiwa tumuige.

Bunge la bajeti hukaa Dodoma kila mwaka kuanzia Aprili hadi Juni. Mwenye hasira na unga, na anayo haki ya kuwa nayo, aache kuitazama ramani ya Msumbiji amtafute mbunge wake wa Temeke au Kinondoni, amuulize maswali mawili: ni shilingi ngapi za Serikali yetu wenyewe, si za mfadhili, zimetengwa kununua methadone mwaka huu, na zile kilo 3,182 ziliingia nchini kupitia wapi, zamu ikiwa ya nani?