Mlio wa injini na nguvu ya turbo kwenye 1KZ-TE
Injini ya 1KZ-TE, dizeli ya lita 3.0 iliyofungwa kwenye Prado na Hilux Surf za miaka ya 1990, hugonga kidogo ikiwa baridi. Hilo ni la kawaida. Kugonga kunakoendelea injini ikishapata moto mara nyingi hutoka kwenye nozeli. Fundi hulegeza nati za mabomba ya nozeli moja baada ya nyingine, injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Mlio ukipotea, nozeli hiyo ndiyo mbovu. Njia hii isijaribiwe kamwe kwenye injini za komoni reli: dizeli yake, kwa shinikizo linaloweza kuzidi baa 1,000, hupenya ngozi.

Turbo nzima hupiga mluzi mwembamba. Ukigeuka king'ora, beringi zimelika au mapanga yanakwaruza. Sauti ya upepo kuvuja gari likipanda mlima, pamoja na moshi mweusi na gari kukosa nguvu, huashiria mpira wa hewa uliopasuka au kulegea. Mpira huo ukaguliwe kwanza, maana wengi hununua turbo nyingine bure. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Injini ikishazimwa na kupoa, shafti ya turbo ikishikwa kwa vidole huweza kucheza kidogo kwa pembeni. Ikisogea mbele na nyuma, turbo imekwisha. Nyingine isifungwe kabla ya kubadilisha oili na kuzibua bomba linaloipelekea oili.